Kumchapa mtoto anayempiga mdogo wake?

Dada, umeuliza kama umchape mwanao wa miaka 7 anayempiga mdogo wake, maana mumeo anasema fimbo ndiyo dawa. Mimi nasema usimchape. Utamfundishaje kuwa kupiga ni kosa huku na wewe unampiga? Fimbo itamtuliza mbele yako tu. Ukigeuka anaendelea, safari hii kwa siri.

Ila kutochapa si kudekeza, na hapo wengi huteleza. Adhabu iwepo, tena ifanane na kosa: akimpiga mwenzake, mchezo unaishia hapo hapo, akivunja kitu, ashiriki kukitengeneza. Mwambie mapema kwa maneno machache, kisha tekeleza bila kelele. Ukitishia kila siku bila kutenda, ameshakusoma. Chunguza pia anampiga lini: akiwa na njaa, usingizi, au mdogo anapobebwa? Kama ni wivu, kiboko kitauzidisha.

Wanaodai asiyechapwa huharibika, waambie Uswidi ilipiga marufuku viboko hata majumbani mwaka 1979, na nchi zaidi ya 60 zimefuata. Mumeo kaa naye faragha mkubaliane kwanza, kwa sababu mmoja akikataza na mwingine akiruhusu, mtoto atajua pa kukimbilia.