Maswali ya Wasomaji: Betri za Lithiamu kwa Tochi ya Halojeni

SWALI: Ndugu mhariri, nina tochi kubwa ya aluminiamu, ile ya betri za saizi D. Nimeiwekea balbu ya halojeni ya volti 6, wati 30, na betri mbili za lithiamu za saizi 18650 zenye sakiti ya kinga, zimeandikwa 9900 mAh (kipimo cha umeme zinaoweza kuhifadhi). Nikiwasha, inamulika mara moja na kuzimika. Kibovu ni nini, balbu au betri?

JIBU: Balbu yako ni nzima. Wati 30 kwa volti 6 ni ampea 5, lakini hizo ni za balbu iliyokwisha kupata moto. Uzi wake ukiwa baridi, ukinzani ni kama moja ya kumi tu ya ule wa ukiwaka, hivyo unapobonyeza swichi balbu hudai makumi ya ampea kwa muda mfupi mno. Sakiti ya kinga hudhani ni shoti, ikakata.

Hiyo 9900 nayo ni uongo wa lebo. 18650 nzuri nyingi ni kati ya 2500 na 3500 mAh. Usizitumie hata kwa tochi nyingine.

Tafuta betri zisizo na sakiti, za kutoa ampea 10 au zaidi mfululizo. Samsung 25R, kwa mfano, ina 2500 mAh na ampea 20. Kwa balbu hiyo utapata kama dakika 25. Sasa kinga ni wewe mwenyewe: mwanga ukianza kugeuka manjano, zima. Pima kwa mita, kila betri isishuke chini ya volti 3. Nunua mbili za aina na umri mmoja, uzichaji pamoja hadi volti 4.2 kila moja. Ukichanganya nzima na chovu, ile chovu huisha kwanza, mwenzake huendelea kuisukuma kinyume, nayo hupata moto hadi kulipuka.

Mbili zikijaa ni volti 8.4, na watu huuliza mbona balbu ya 6 haiungui. Springi, swichi na betri zenyewe hula sehemu. Ukinzani wa jumla ukiwa omu 0.2, kwa ampea 5.5 inapotea volti 1.1, balbu inabaki na 7.3 hivi. Mwanga huongezeka karibu maradufu, ila balbu iliyotengenezwa kudumu saa 100 hudumu kama 10. Ndiyo maana fundi akikushauri kuunga waya wa shaba kwenye springi ili tochi "ivute vizuri", kataa: ukinzani hupungua, na kwa betri zilizotoka kwenye chaja, balbu inaweza kukatika papo hapo.

Kioo cha mbele kiwe cha kioo kweli na kiakisi kiwe cha aluminiamu. Vya plastiki vitayeyuka ndani ya dakika chache. Balbu ishike kwa karatasi safi. Mafuta ya vidole huipasua.