Swali la lugha: Kinachoganda kwenye mkorosho ni gundi, utomvu au ulimbo?

Msomaji wetu wa Newala anauliza: "Naandaa karatasi ya maelezo ya kubandika kwenye vifurushi vya kile kinachoganda kwenye magome ya mikorosho yetu. Kijana wangu anataka niandike 'gundi', mama mkwe anasema ni 'ulimbo', nami tangu utoto najua 'utomvu'. Jina lipi ni sahihi?"

Ndugu msomaji, andika "gundi ya mkorosho". Utomvu ni majimaji yanayotoka pale mti unapochanjwa au kutobolewa na wadudu; yakishaganda yakawa madonge ya rangi ya asali, jina hilo haliyatoshi tena. Ulimbo nao umefungamana na kazi yake, kwa kuwa ni kinata cha kunasia ndege, na mnunuzi akilisoma neno hilo atafikiria mtego.

Huenda unasita kwa sababu "gundi" siku hizi ni ile ya chupa ya dukani. Hata hivyo, gundi itokayo mitini ina soko kubwa mno duniani, na iliyo mashuhuri zaidi ni gundi ya Kiarabu, ambayo licha ya jina lake hutoka hasa Sudan, katika migunga ya Kordofan na maeneo jirani. Viwanda vya soda huitumia ili mafuta yanayotia ladha yasijitenge na maji, na kwenye orodha ya viambato huandikwa E414. Hutumika pia katika peremende, vidonge vya dawa, wino na rangi za maji. Gundi ya mkorosho ni ya jamii hiyohiyo ya sukari zilizoungana kwa minyororo mirefu, nayo ukiiloweka huvimba na kuyeyuka.

Maji ndiyo yanayotenganisha gundi na sandarusi, ingawa wengi wetu huzichanganya. Sandarusi, itokayo katika msandarusi wa misitu ya pwani, Lindi ikiwamo, haiyeyuki majini. Hulazimu kuipasha moto na kuichanganya na mafuta, na ndivyo ilivyotengenezwa vanishi ya magari ya farasi na samani huko Ulaya na Marekani katika karne ya 19. Iliyothaminiwa zaidi ilichimbwa ardhini, mahali ambapo miti ilikuwa imekwisha kutoweka zamani. Ile mbichi, iliyotoka moja kwa moja mtini, iliitwa chakazi, na wafanyabiashara wa Kizungu waliokuwa Unguja wakaligeuza neno hilo kuwa "jackass", yaani punda dume! Sijui neno jingine la Kiswahili lililoharibiwa kwa uhodari kama huo, na ningependa chakazi lirudi katika matumizi.

Kuhusu sarufi, sema "utomvu unatona", lakini "gundi imeganda" na "gundi hizi" unapotaja aina zaidi ya moja. Kitenzi "kugema" kinafaa pale mti unapochanjwa makusudi ili utoe; ukibandua tu madonge yaliyojitokeza yenyewe, andika "kukusanya". Neno la kuepuka kabisa kwenye kifurushi chako ni "mafuta ya korosho", kwa maana mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi na huishia kwenye breki za magari na rangi, na mnunuzi asiyejua tofauti hiyo atayarudisha madonge yako bila hata kuyafungua.