Ukimkosoa Anayeanza, Mpe na Kazi ya Kufanya

Kijana mmoja wa Nachingwea amenitumia picha aliyoitengeneza kwa Blender, programu ya kuunda picha za 3D, kwenye laptopu ya kuazima: Kilwa Kisiwani mwaka 1331, Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, anateremka kwenye chombo. Chini ameandika, "Kaka, niambie ukweli, nina kipaji au napoteza muda?"

Swali hilo nalijua. Nililibeba mwenyewe kwa mchoraji mmoja hapa Mtwara, mtu mzima ninayemheshimu, nilipomaliza kulijenga kwenye kompyuta boma la Wajerumani la Mikindani, lile la mwaka 1895. Alitazama, akacheka, akasema, "Hii katuni." Akarudi kwenye simu yake. Katuni kwa sababu gani? Hakusema. Neno moja tu kuhusu vivuli lingenitosha, nami ningeondoka na shughuli ya usiku huo. Badala yake niliifunga kompyuta, na hadi leo nikikumbuka kile kicheko naumia.

Nilirudi kazini kwa ukaidi. Nikawa naenda Mikindani asubuhi na jioni kuangalia jua linavyoupiga ukuta wa chokaa. Sasa picha yangu ya boma hilo imetundikwa darasani, watoto wanaonyeshwa historia ya mji wao kwayo. Najivunia sana, na sioni sababu ya kuficha.

Kwa hiyo habari ya kipaji sikumjibu. Nilianza na maji, kwa sababu maji yake ni mazuri kweli: ya kijani karibu na mchanga, yanakolea kuelekea kina. Mtu akiambiwa hasa kilichofaulu, atakirudia kwa makusudi.

Kisha nikagusa ufundi, jambo moja tu. Wapagazi wake wanaelea. Nikamwambia awashushe mpaka nyayo ziguse mchanga, halafu kwenye taa ya jua ya Blender apunguze namba iitwayo Angle (si mwelekeo wa taa) ili kingo za vivuli zikaze, maana jua la Kilwa ni kali.

Historia nikaiweka mbali na ufundi. Ukivichanganya, anayeanza husikia kwamba kila kitu ni kibovu. Alikuwa amepanda mikorosho ufukweni! Namwelewa, mtu wa kusini amekulia chini ya mkorosho. Lakini asili ya mti huo ni Brazili, na walioufikisha pwani yetu ni Wareno, ambao Kilwa waliiteka mwaka 1505. Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyempokea Ibn Battuta, hakuwahi kuonja korosho. Gereza nalo, ile ngome ya kisiwani, lilianza na Wareno haohao, kwa hiyo halina nafasi katika picha hiyo. Nikampa na mbadala: minazi, mibuyu, Msikiti Mkuu, na mtepe uliotia nanga, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za nazi, tanga lake la mkeka ni la mraba. Ukimwondolea mtu kitu kwenye picha yake, mpe cha kuweka pale.

Ndugu zangu mnaojua kazi hii, tuache kuwavunja vijana. Kuandika "kali sana" na kupita hakumsaidii, na kumcheka kunamfukuza. Mwambie kilichofaulu, mpe kosa moja la kurekebisha, mweleze kwa nini. Ni dakika chache tu! Wako wengi wanaotaka kuichora Kilwa, Mikindani, vita vya Majimaji, na tukiwanyamazisha, historia yetu itachorwa na watu wasioijua harufu ya pwani hii.

Na ninyi mnaoishi Kilwa Masoko, mkivuka kwenda kisiwani, pigeni picha za kuta za Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani lililojengwa kwa mawe ya matumbawe, kwa karibu, asubuhi na jioni, na lile birika la pembe nane kila upande. Wapeni vijana bure. Aliye Nachingwea atajuaje rangi ya matumbawe yaliyoliwa na chumvi?