Ukitafiti afya za wachimbaji, watafute na walioacha kazi

Ukienda kupima afya za wachimbaji wadogo wa dhahabu, iwe Geita au Chunya, usiridhike na jibu la "mimi mchimbaji". Anayelisha mawe kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, anavuta vumbi la silika, yaani vumbi laini la mawe, mchana kutwa. Anayechenjua mwaloni, yaani panapooshwa mchanga wa dhahabu, anashika zebaki kwa mikono mitupu, ingawa zebaki ikiwa majimaji hupenya mwilini kwa shida. Hatari kubwa ni inapochomwa: mvuke wake ukivutwa, takriban asilimia 80 hubaki mwilini.

Kwa hiyo omba uonyeshwe kazi kabla ya kufungua dodoso. Nimemwona mama akikamua kitambaa mpaka kikabaki kidonge cha rangi ya fedha, mchanganyiko wa zebaki na dhahabu, akakiweka kwenye jiko la mkaa alilopikia asubuhi, mtoto mgongoni. Mama huyo ukimwandika "mkulima" kwa sababu ndivyo alivyojitaja, umeshampoteza, na mtoto wake pia.

Kuhusu vipimo, zebaki iliyovutwa kama mvuke inatafutwa kwenye mkojo. Nywele huonyesha zaidi zebaki inayotokana na kula samaki, na kando ya Ziwa Victoria hilo litakuchanganya. Mkojo nao uchukuliwe mbali na mwalo, mikono ikiwa imenawishwa.

Ila ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: unayemkuta duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, ni yule ambaye bado ana nguvu. Aliyezidiwa na kifua amesharudi kwao. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika, inaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi, na vumbi hilo hilo huongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu. Ukiwapima waliopo tu, takwimu zako zitasema mgodi ni salama. Waulize waliopo, "Mliokuwa nao wako wapi?" Kisha omba kibali cha kupitia daftari la kliniki ya kifua kikuu. Daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliwataka wenzake wamuulize mgonjwa anafanya kazi gani, na hiyo ni zaidi ya miaka 300 iliyopita. Wewe ongeza: alifanya kazi gani zamani?

Majibu mkabidhi mhusika mwenyewe, faragha, kwa lugha anayoielewa. Usimpe mwenye duara orodha ya majina, hata kama ndiye aliyekuruhusu kuingia. Anayetetemeka mikono kwa sumu ya zebaki akijulikana, ataondolewa kazini kabla hajatibiwa, na safari ijayo hakuna atakayekubali kupimwa.