Upendo ukikuishia nyumbani

Dada yangu wa Jinja, unasema kwanjula ya binti yenu, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ilifana, watu wakala na kucheza, lakini tangu mumeo apoteze kazi hamsemezani, nawe unaona upendo umekuisha na u Mkristo mbaya.

Mbaya kwa lipi? Paulo, katika Warumi 5:5, anasema pendo la Mungu limemiminwa mioyoni mwetu na Roho Mtakatifu. Limemiminwa, hukulitengeneza wewe. Basi acha kujikamua, omba ujazwe.

Halafu fuata njia ya Balokole, wale wa uamsho wa miaka ya 1930 hapa Uganda na Rwanda: kutembea nuruni. Mtu huungama kosa lake mwenyewe, si la mwenzake. (Hapo ndipo wengi tunapoharibu, mimi nikiwa wa kwanza.) Usiku, watoto wakilala, mpelekee chai umwambie, "Baba fulani, nilikudharau uliposimamishwa kazi. Nisamehe." Kisha nyamaza. Usidai naye aungame.

Ila kama anakupiga, hayo ni mengine kabisa: toka kwanza, nenda kwa ndugu zako.