PostgreSQL: seva ndiyo huchagua njia ya uthibitishaji

Anayeanza kazi na PostgreSQL, mfumo wa kusimamia kanzidata, hudhani kwamba programu yake na seva hupatana namna ya kuthibitisha nenosiri. Kwa kweli mapatano ni madogo mno. Seva hutaja njia, mteja hukubali au hukata muunganisho.

Seva huamua kwa kuangalia mambo mawili. La kwanza ni faili la pg_hba.conf, lenye kanuni za nani aunganishwe na kwa njia gani. Husomwa kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana na aina ya muunganisho, kanzidata, mtumiaji na anwani ndio unaotumika. Uthibitishaji ukishindwa hapo, mstari unaofuata haujaribiwi. Ndiyo maana ukiweka `host all all 0.0.0.0/0 md5` juu, mistari mingine ya IPv4 uliyoipanga kwa makini chini yake haitaguswa kamwe, isipokuwa ile ya `replication` (kunakili data kwenda seva nyingine), kwani `all` haiihusu.

La pili, ambalo wengi hulisahau, ni umbo la nenosiri lililohifadhiwa. Ukiwa msimamizi mkuu, endesha:

`SELECT rolname, left(rolpassword, 13) FROM pg_authid;`

Utaona ama maandishi yanayoanza na md5, njia ya zamani, ama SCRAM-SHA-256, njia mpya na salama zaidi. Mstari wa `md5` ukikutana na nenosiri la SCRAM, seva hutumia SCRAM yenyewe bila kuuliza. Kinyume chake hakiwezekani: mstari wa `scram-sha-256` ukikutana na hashi ya md5 (nenosiri lililofumbwa kwa namna isiyorudishika), mtumiaji hukataliwa hata kama nenosiri ni sahihi. Yeye huona "password authentication failed" tu, kisha hubadilisha herufi kubwa na ndogo mchana kutwa. Sababu halisi imo kwenye logi ya seva, basi anzia huko.

Tangu toleo la 14, manenosiri mapya huhifadhiwa kwa SCRAM. Kama seva yako ilitoka matoleo ya zamani, hama kwa mpangilio huu. Sasisha draiva (maktaba inayounganisha programu na seva) kwanza: libpq, ya lugha ya C, iwe 10 au zaidi, ya JDBC, ya Java, iwe 42.2.0 au zaidi. Draiva ya zamani hulalamika kuhusu "authentication type 10". Hiyo 10 ni namba ya ombi la SASL (mfumo wa uthibitishaji unaobeba SCRAM) katika itifaki, si toleo la seva. Kisha weka `password_encryption = 'scram-sha-256'`, pakia upya mipangilio, na kila mtumiaji aweke nenosiri lake tena kwa `\password` ndani ya psql, programu ya mstari wa amri ya PostgreSQL. Linaweza kuwa lilelile, lakini lazima liwekwe, kwa sababu hashi ya md5 haigeuzwi kuwa SCRAM. Mistari ya pg_hba.conf ibadilishe mwisho kabisa.

Upande wa mteja nao usilale. Seva bandia inaweza kuomba nenosiri likiwa wazi, na libpq kwa kawaida italitoa. Kuanzia libpq 16, ongeza `require_auth=scram-sha-256` kwenye maelezo ya muunganisho ili mteja akatae njia nyingine, pamoja na `sslmode=verify-full` ili cheti na jina la seva vihakikiwe. Mimi ningeviweka vyote viwili hata kwenye mtandao wa ndani.

Kabla ya kupakia upya, tazama safu ya `error` katika `pg_hba_file_rules`, na uache kikao kimoja cha msimamizi wazi. Faili lenye kosa halidhuru wakati wa kupakia upya, kwani seva hubaki na kanuni za zamani. Itakapozimwa na kuwashwa ndipo itagoma kuanza.