Spika ya muziki Kilimanjaro: iacheni Moshi, bebeni sauti zenu

Wakuu, habari za jioni.

Mleta mada ameuliza hivi: wako wanane ofisini kwao, wote ni mara ya kwanza, wanapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ili wafike kileleni tarehe 9 Desemba. Mmoja ana spika ya Bluetooth, wengine wana hedifoni. Wabebe au waache? Waliotangulia kujibu wamegawanyika. Wapo wanaosema muziki unampa mtu nguvu ya kupanda, na wapo wanaosema anayetaka muziki abaki mjini. Swali hili nimeishi nalo miaka mingi, kwa hiyo mnivumilie nijibu kwa kirefu.

Nilianza mlimani nikiwa mgumu, yaani mpagazi, kijana wa miaka kumi na tisa. Nilibeba miaka sita, kisha nikawa mwongozaji msaidizi. Siku hizi nina shughuli nyingine hapa Moshi, ila kila mwaka napanda mara mbili tatu na marafiki au vijana wa kanisani kwetu.

Muziki wenyewe sina ugomvi nao. Mtakapokuwa mnapanda msituni mtapitwa na wagumu wanaokwenda mbio, mzigo kichwani, simu mfukoni inaimba bongo fleva. Msiwakasirikie. Yule kijana ana kilo 20 zilizopimwa getini, mbali na begi lake mwenyewe mgongoni, na lazima awahi kambini kabla yenu ili mkute chai. Njia hiyo kaipita pengine mara mia. Kwake ni njia ya kwenda kazini, na wimbo unamsogezea kilima. Nilikuwa hivyo hivyo. Nilichowaomba wenzangu nilipokuwa msaidizi ni kupunguza sauti wanapompita mgeni, na sikio moja libaki wazi. Walinielewa, kwa sababu kila mmoja wao anajua kelele ya jiwe linapoporomoka au ya mwenzake anapoteleza nyuma yake.

Sasa niwaeleze kilichonibadilisha.

Usiku mmoja wa kileleni tulitoka Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, kama saa sita kasoro. Tulikuwa na wageni watano, waongozaji watatu, mimi nikiwa mkiani, mahali pa msaidizi, ili asibaki mtu nyuma. Mbele yangu alikuwa kaka mmoja mwenye nguvu, ambaye tangu getini alikuwa wa kwanza kwa kila kitu. Alivaa hedifoni chini ya kofia. Kila baada ya muda nilimwuliza, "Kaka, uko sawa?" Alikuwa akiinua dole gumba bila kugeuka. Nikajiambia yuko kwenye muziki wake, nisimsumbue. Fimbo zake zilikuwa zinagonga mawe ovyo: mbili kwa haraka, kisha kimya, kisha moja. Nilizisikia. Nilizisikia vizuri kabisa, ila nikadhani anafuata mdundo wa wimbo.

Tulipofika pango la Hans Meyer, kwenye mita 5,150 hivi, tukasimama tunywe chai. Nikamwambia azitoe zile hedifoni. Akapeleka mkono kichwani, mkono ukakosa sikio. Akapeleka tena, ukakosa. Nikamtolea mimi. Hakukuwa na wimbo wowote. Simu ilikuwa imeshazima kwa baridi, sijui tangu saa ngapi, na yeye alikuwa anatembea na masikio yaliyozibwa bila kusikiliza chochote. Nikamwuliza leo ni siku gani, akanijibu maneno yaliyokokotwa kama ya mlevi. Nikamwambia atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya pili akaniangukia kifuani.

Hiyo ni dalili ya ubongo kuvimba kwa sababu ya kimo cha mlima, na dawa yake ya kwanza ni kushuka, saa ile ile, bila mjadala. Tulishuka naye wawili, tukimshika kwapani, tukapita Kibo bila kulala, tukaenda hadi Horombo, kambi iliyo chini yake. Kulipopambazuka akili zilikuwa zimeanza kumrudia, akaniuliza kwa nini hatuko kileleni. Nilimshukuru Mungu kwa swali lile. Lakini mpaka leo nazisikia zile fimbo.

Ndiyo maana watu wakibishana kuhusu muziki na sauti za asili, mimi naona wanasahau sauti moja: ya mwenzako. Kule juu, pumzi yake, kikohozi chake, hatua zake, jinsi anavyotamka maneno, hizo ndizo habari za afya yake. Mtakapolala Horombo na Kibo mtasikia mtu usingizini pumzi inasimama kidogo, halafu anavuta kwa nguvu. Hilo ni la kawaida kwenye kimo, lisiwatishe peke yake. Ila mkisikia kifua kinakoroma kama kuna maji ndani, na mtu anahema kwa shida hata akiwa amekaa tu, mwamsheni mwongozaji usiku huo huo. Msingoje asubuhi. Na hayo hayasikiki kama kila mtu kalala na nyimbo masikioni.

Jambo la pili ni mwendo. Mnajua singeli inavyokimbia, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Mguu wa binadamu unafuata ngoma, hata usipotaka. Nimeona kijana anatoka Mandara, kambi ya kwanza, na singeli masikioni, kwenye saa moja ya kwanza kawaacha wenzake mbali, Horombo akafika wa kwanza, na usiku huo akatapika mpaka asubuhi. Kileleni hewa ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Dar, na mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea. Mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatisha kuvuta pumzi. Kipimo hicho kinahitaji mdomo wako na sikio la mwenzako. Mwenye hedifoni hakipati.

Lakini mlima una muziki wake, na huu nautetea kwa nguvu zote. Waongozaji wa zamani huimba usiku wa kileleni. Hawapazi sauti. Mzee wa mbele anaanza mstari kwa sauti ya chini, wimbo wa kanisani au wa Kichagga, na walio nyuma wanaitikia neno moja au mawili, kisha kimya hatua kadhaa, kisha mstari mwingine. Mwanzoni nilidhani ni kuwatia moyo wageni tu. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia, "Sikiliza wanaoitikia. Aliyekuwa anaitikia akanyamaza, nenda kamwangalie." Kumbe ule wimbo ulikuwa unahesabu watu gizani. Anayeitikia ana pumzi, ana akili, anajua alipo. Tangu nilipomshusha yule kaka sijapanda usiku bila wimbo wa kuitikia, na nawafundisha vijana wangu kiitikio kabla hatujatoka Moshi.

Kwa hiyo ninyi wanane, chagueni nyimbo mbili tatu ambazo wote mnazijua. Iwe kwaya, iwe za mchakamchaka, iwe za harusini, ilimradi zina kiitikio kifupi. Mfanye mazoezi ofisini baada ya kazi. Hilo litawafaa kuliko spika yoyote.

Sauti za mlima wenyewe nazo ni nyingi, na hazifanani siku hadi siku. Siku ya kwanza mko msituni. Jioni Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, giza likishaingia mtasikia kitu kama mlango wa zamani unaofunguliwa taratibu, kri, kri, kri, kinapanda, kinapanda, kisha kinapasuka kwa ukelele. Wageni wengi hudhani ni chui au mtu anauawa. Ni perere, mnyama wa kilo mbili au tatu anayekaa mitini, na ndugu zake wa karibu, mkiwauliza wataalamu, ni tembo na nguva. Mmoja akianza, wa bonde la pili anamjibu. Alfajiri zamu ni ya mbega, wanakoroma kwa pamoja kama pikipiki nyingi zinazowashwa mbali, na mkoromo huo unavuka mabonde. Spika ikiwa wazi, hayo yote yanawapita. Na perere haongei mchana kwamba utamsikia kesho yake.

Kutoka Mandara msitu unakwisha mapema, na sauti zinakuwa za upepo kwenye vichaka na za kunguru wenye shingo nyeupe wanaozunguka vibanda vya Horombo kutafuta makombo. Hapa sina mengi. Ni siku ndefu, ongeeni, chekeni.

Siku ya kupanda Kibo ndiyo naomba muitunze. Juu ya Horombo mtapita kijito ambacho tunakiita maji ya mwisho. Simameni pale dakika tano, msiseme kitu, msikilize maji. Kibo hakuna maji, yanabebwa na wagumu kutoka chini. Ukishakivuka kijito kile na kutembea kidogo, utagundua kuna kitu kimekoma ambacho kilikuwa masikioni mwako tangu getini. Halafu mnaingia kwenye tandiko, lile jangwa lililopo kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, na mnachosikia ni viatu vyenu kwenye changarawe na damu yenu wenyewe ikipiga masikioni. Nimepita pale mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara napunguza mwendo. Nimewaona watu wazima wakilia pale bila kujua kwa nini. Nisingependa mtu apite mahali pale akisikiliza wimbo anaoweza kuusikiliza kwenye daladala ya Mbagala.

Kuhusu spika kambini, niseme wazi: hapana. Kibo mtafika mchana, mtakula mapema na kuingia kulala jua likiwa bado lipo, mkiamshwa kama saa tano usiku. Mnalala vyumba vya pamoja, vitanda vya juu na chini, na watu msiowajua. Wakati wa sikukuu ya Uhuru mlima unajaa. Saa zile chache za usingizi ndizo zinazoamua nani afike, na anayezivuruga kwa muziki anamnyang'anya mtu safari aliyoiwekea akiba mwaka mzima. Horombo ni hivyo hivyo: kuna wanaopanda, kuna wanaoshuka, kuna mgonjwa anayesubiri kuteremshwa. Hutajua nani yuko nyuma ya ukuta wa mbao.

Hedifoni chukueni, kwa utaratibu. Mtu akiwa kitandani hana usingizi, wimbo mmoja wa taratibu unamsaidia, basi ajisikilizie mwenyewe. Siku ya kushuka pia, sikio moja, kwenye njia pana chini ya Horombo. Simu zikae ndani ya nguo, zigusane na mwili, na usiku ziingie nanyi kwenye begi la kulalia, kwa sababu baridi inaua betri haraka, na hiyo simu mtaitaka kwa picha na kwa dharura. Usiku wa kileleni hedifoni zibaki kitandani. Hapo sina mjadala na mtu.

Kuna aliyeuliza juu ya Mlima Meru hapo juu. Meru jibu ni fupi zaidi: kutoka geti la Momella hadi kambi ya Miriakamba mnatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Askari yule anafanya kazi kwa masikio. Tawi likivunjika anasimama, nanyi mnasimama. Niliwahi kuwa na hedifoni pale nikiwa mtalii wa siku moja, wote wakasimama, mimi nikaendelea hatua tatu mpaka nikashikwa begi kwa nyuma. Nyati alikuwa kwenye majani, nadhani mita ishirini. Askari hakunigombeza, alininyooshea kidole kwenye sikio tu.

Mmeamua tarehe nzuri. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha mwenge na kuipandisha bendera pale juu. Mkifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, mtataka kuimba wimbo wa taifa, na nawaomba muimbe kwa midomo yenu. Ubeti mmoja utawatosha, mtaukatisha mara tatu kuvuta pumzi, na kila mmoja atamsikia mwenzake anavyovuta.

Spika mwachieni mtu Moshi, mkirudi mcheze nayo usiku kucha, nitakuja. Na pale Mandara, mkishakula, tokeni nje kama saa mbili usiku, zimeni taa za kichwa, mkae kimya. Mleta mada, ukishuka utuambie hapa perere alianza saa ngapi, na walikuwa wangapi.